Kodi ya Mwenye Nyumba, LUKU ya Mpangaji

Chini ya mita ya umeme, kwenye korido ya nyumba tuliyokuwa tumepanga Mbagala, Dar es Salaam, kulikuwa na kipande cha boksi la sabuni kimepigiliwa kwa misumari miwili. Juu yake tuliandika zamu za kununua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Vyumba vilikuwa sita lakini zamu saba, kwa sababu mama wa chumba cha pili alikuwa na friji la kugandishia barafu za kuuza, na tulikubaliana anunue mara mbili katika kila mzunguko. Kila zamu ilikuwa shilingi 10,000. Ukishanunua unaingiza zile namba 20 mbele ya yeyote aliyepo, mita inalia, unasoma uniti zilizoingia, unaandika tarehe kwenye boksi. Uniti zilikuwa hazibadiliki: 28.1. Kila mtu mle ndani aliijua namba hiyo kama anavyojua nauli ya daladala.

Mwishoni mwa Agosti 2021 zamu ilimwangukia fundi ujenzi wa chumba cha nne. Akaingiza namba, mita ikalia, ikaandika 25.3.

Ilikuwa Jumapili, watu wengi tupo nyumbani. Aliyekuwa anapiga pasi mlangoni kwake akauliza mbona zimepungua. Mwingine akatoa simu akapiga hesabu, akasema uniti 25.3 ndizo anazopata mtu aliyenunua umeme wa 9,000. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, na usahihi huo ndio uliommaliza fundi. Akafungua ujumbe wa malipo, akaupitisha mkono kwa mkono. Jumla ilisomeka 10,000. Lakini katikati ya ule ujumbe kulikuwa na mstari wa Kiingereza uliosema kuna deni limekusanywa, shilingi 1,000.

"Deni la nani?" akauliza mama wa barafu. "Kaka, umekopa umeme?"

Fundi alikuwa hajakopa kitu. Alikuwa amelipa kodi ya jengo la mtu mwingine bila kujua, na majirani zake wakamwona mdanganyifu. Niliishi kwenye nyumba ile miaka mitatu, na kati ya mambo yote niliyowahi kusoma juu ya kodi zilizojificha ndani ya bei, hakuna lililonifundisha kama ile shilingi elfu moja. Nitaieleza kwa urefu, maana ndani yake kuna karibu kila kitu: kodi inavyohama kutoka kwa anayedaiwa kisheria kwenda kwa anayelipa, inavyobadilishwa jina njiani, na inavyoishia kwenye bei ya kitu kisichohusiana nayo kabisa.

Ilipotoka

Kodi ya majengo si kitu kipya Tanzania. Kwa miaka mingi ilikusanywa na halmashauri, na Julai 2016 ikakabidhiwa kwa Mamlaka ya Mapato. Baadaye zikawekwa namba za jumla ili kuepuka kazi ya kuthamini kila jengo: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Aliyedaiwa alikuwa mwenye nyumba. Aliyeikumbuka na kwenda kuilipa alikuwa mwenye nyumba mwaminifu, na wengi hawakuikumbuka. Kumfuata mtu mmoja mmoja kwa ajili ya shilingi 10,000 kunaweza kugharimu zaidi ya hizo 10,000 zenyewe. Nauli ya mtumishi, karatasi ya madai, siku nzima ya kazi.

Tarehe 10 Juni 2021, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alisoma bungeni Dodoma bajeti ya mwaka 2021/22, na moja ya mapendekezo yake lilikuwa kwamba kodi hii ikusanywe kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida ingekatwa 1,000 kila mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka, na ghorofa 5,000 kwa mwezi kwa kila sakafu. Makato yakaanza Agosti 20. Bajeti hiyohiyo ndiyo iliyoleta tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 15, na ndiyo iliyoongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Watu walipiga kelele sana kuhusu tozo za simu, na walikuwa na haki, kwa sababu walizihisi siku hiyohiyo walipotuma au kutoa hela. Ile ya LUKU ilipita kimya kimya.

Kwa upande wa serikali wazo lenyewe lilikuwa na akili. Mita ya umeme haisahau wala haihongwi, na haihitaji nauli. Kila mwezi inakutana na kila nyumba yenye umeme. Ukitazama tatizo la ukusanyaji peke yake, hili ni jibu zuri, na sitaki kujifanya sikuliona hilo.

Tatizo ni kwamba mita haimjui mwenye nyumba. Inamjua anayenunua umeme. Na katika mji kama Dar es Salaam, ambako maelfu kwa maelfu ya watu wanaishi kwenye vyumba vya kupanga, anayenunua umeme na anayemiliki jengo ni watu wawili tofauti, mara nyingi wanaoonana mara mbili kwa mwaka.

Serikali ililijua hili. Ufafanuzi uliotolewa ulikuwa kwamba mwenye deni bado ni mmiliki, na mpangaji akikatwa aelewane na mwenye nyumba wake wapunguze kwenye pango. Kwenye karatasi mambo yamekwisha. Tatizo limehamishwa kutoka ofisini likapelekwa kwenye korido yetu.

Neno moja, mambo mawili

Hapa lugha yetu yenyewe iliingia kazini. Kiswahili cha mtaani kina neno moja, kodi, kwa hela ninayompa mwenye nyumba na kwa hela inayokwenda serikalini. Kuna neno pango, lakini nani anasema pango? Tunasema "nadaiwa kodi", "kodi imeisha", "nimelipa kodi ya miezi sita". Kwa hiyo jioni ile nilipojaribu kueleza kwenye korido kwamba makato yale ni kodi ya jengo, mama wa chumba cha kwanza alinijibu kwa hasira ya haki: "Kodi mimi nimeshalipa mpaka Desemba!"

Alikuwa amelipa kweli. Na hilo ndilo lililofanya ule ushauri wa kuelewana kwenye pango usiwe na miguu. Dar es Salaam watu wengi hulipa pango kwa mkupuo, miezi mitatu, sita, wengine mwaka. Ukishatoa hela ya miezi sita mkononi mwa mwenye nyumba, huna tena pa kukata. Unaweza kuomba tu.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mzee mstaarabu, si mtu wa kugombana. Alipokuja Januari kuchukua kodi ya nusu mwaka tulimsalimia, tukamkaribisha kiti, tukamweleza. Tulikuwa tumeandika makato yote nyuma ya lile boksi: Agosti mpaka Desemba, miezi mitano, shilingi 5,000. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kodi ya umeme ni ya anayetumia umeme," akasema.

"Si ya umeme, mzee. Ni ya jengo."

"Na jengo anakaa nani?"

Hakuwa anatania. Kwa jinsi alivyoliona, kitu kinachokatwa kwenye LUKU ni cha LUKU, na LUKU tangu tumehamia ni juu yetu. Siwezi kumlaumu sana. Kodi yake ilipitishwa mahali ambapo yeye hapiti, ikaandikwa deni, ikalipwa na watu wengine. Hakuna siku hata moja aliyoshika risiti yake. Mtu atajuaje kwamba amelipiwa kitu asichowahi kudaiwa uso kwa uso?

Shilingi elfu moja ina uzito gani

Kuna atakayesema ninakuza jambo dogo. Shilingi 12,000 kwa mwaka kwa vyumba sita ni 2,000 kwa kila chumba. Ni kweli. Lakini kodi hii haikugawanyika kwa sita. Ilikatwa yote kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo ilimwangukia mtu mmoja. Mzunguko wetu wa zamu ulikuwa siku kama 25 na mwezi una siku 30, hivyo tarehe mosi ilikuwa inahama kutoka chumba hadi chumba. Aliyekuwa na zamu mbili alikuwa hatarini mara mbili. Mama wa barafu alikatwa Oktoba, akakatwa tena Februari, wakati mimi miezi yote hiyo sikuguswa.

Halafu kuna suala la nani ananunua kiasi gani. Ukinunua LUKU ya laki moja, elfu moja huioni. Ukinunua ya 5,000 unapata uniti 11.2 badala ya 14. Nilimjua kijana wa nyumba ya jirani aliyekuwa akinunua umeme wa 2,000 kila hela inapopatikana, kama watu wengi tu wanavyofanya. Tarehe mosi nusu ya hela yake ilikuwa inakwenda kwenye jengo la mtu.

Na viwango vyenyewe ni vya jumla, vyumba viwili vya matofali ya kuchoma Mbagala vinalipa sawa na jumba la Masaki lenye bustani na bwawa la kuogelea, ili mradi jumba hilo si la ghorofa. Familia inayotumia umeme wa bei nafuu, ule wa shilingi 122 kwa uniti kwa wanaotumia kwa wastani uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hata ikitumia zote 75 inalipa 9,150. Ongeza 1,000 ya wakati ule juu yake. Kwa nyumba inayowasha viyoyozi na kutumia uniti elfu moja kwa mwezi, hiyo 1,000 ni tone.

Nimetaja umeme wa bei nafuu, na hapa niseme jambo ambalo si kodi lakini lilituuma kuliko kodi. Chumba changu kilitumia kama uniti 30 kwa mwezi: taa mbili, simu, redio, pasi mara moja kwa wiki. Kwa matumizi hayo, kama ningekuwa na mita yangu, ningestahili bei ya 122 na ningelipa kama 3,660. Lakini sisi tulikuwa vyumba sita nyuma ya mita moja. Mita hiyo ilimeza uniti zaidi ya 200 kwa mwezi, ikahesabiwa kuwa mteja wa kawaida, na kila uniti ikawa shilingi 356.24. Uniti zangu 30 zikawa 10,687. Bei ile iliwekwa kwa ajili ya watu maskini, nasi maskini sita tuliokaa pamoja tukaonekana tajiri mmoja.

Ndani ya hiyo 356.24

Siku nyingine niliichambua ile namba kwa kalamu. Umeme wenyewe ulikuwa shilingi 292 kwa uniti, bei iliyopangwa tangu 2016. Juu yake kulikuwa na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, asilimia 3 ya REA ya kupeleka umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, msimamizi wa bei. Jumla asilimia 22. Zidisha 292 kwa 1.22 unapata 356.24 bila kubaki kitu. Kwa kila uniti, shilingi 64.24 si umeme.

Sitaki kuyaweka yote haya kwenye kapu moja. Ile asilimia 3 ya REA mimi naitetea. Kijijini kwetu tulisoma kwa koroboi mpaka nikamaliza shule, na leo kuna taa kwenye zahanati. Kama sehemu ya uniti zangu iliwasha taa ile, nimeridhika. Tena ile asilimia 3 imeandikwa kwenye ujumbe kwa jina lake, REA, na mtu akiuliza anaweza kuambiwa imefanya nini. Hiyo haijajificha. Iliyojificha ni ile iliyoandikwa deni.

VAT nayo imeandikwa kwa jina lake, lakini ina namna yake ya kupotea. Kinachopaswa kutokea ni kwamba mfanyabiashara analipa VAT kwenye umeme wake, kisha anaidai arudishiwe au anaitoa kwenye ile aliyotoza wateja. Hivyo ndivyo inavyokwenda kwa kiwanda au supamaketi. Lakini ili ufanye hivyo lazima uwe umesajiliwa kwa VAT, na kiwango cha mauzo cha kulazimika kujisajili kilikuwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, kikapandishwa hadi milioni 200 mwaka 2023. Kinyozi, mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea mageti na mama wa barafu hawafiki huko. Wao wanalipa VAT ya umeme na inabaki kwao. Haiandikwi kwenye risiti yoyote watakayompa mteja. Inazama ndani ya bei, na mteja anainunua pamoja na bidhaa bila kujua kwamba ipo.

Nilikaa na mama wa barafu jioni moja tukapiga hesabu ya friji lake. Lilikuwa friji la mtumba, mlango wake haufungi vizuri, ameukaza kwa mpira wa baiskeli. Tulizima vyumba vyote kwa saa moja tukaisoma mita, tukakadiria kwamba linakula kama uniti 2 kwa siku. Uniti 60 kwa mwezi, mara 64.24, ni shilingi 3,854. Alikuwa anauza barafu ya ubuyu kwa shilingi 100. Aliniangalia, akahesabu kwa vidole, akasema, "Kwa hiyo barafu thelathini na nane ni za serikali." Ya thelathini na tisa ilikuwa inaingia katikati.

Kisha akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukitambua ingawa nilikuwa mteja wake. Barafu ya shilingi 100 haiwezi kupanda kwa shilingi 5 au 10. Mtoto anakuja na sarafu ya mia, na mia ndiyo bei. Kwa hiyo alikuwa hapandishi. Alikuwa anafunga fundo chini kidogo. Alichukua kifuko kitupu akaweka kidole mahali alipokuwa akifunga zamani, kisha akakishusha mpaka anapofunga sasa. Upana wa kidole kimoja na nusu. Sukari ilikuwa imepanda, maji ya dumu yamepanda, umeme una asilimia zake, na kila mwezi akiangukiwa na zamu mbaya kuna lile deni. Vyote hivyo vilikaa ndani ya ule upana wa kidole. Hakuna takwimu ya bei itakayoliona fundo lile. Mtoto ndiye aliyelipa, kwa kulamba kidogo.

Kwa kinyozi ilikuwa hivyohivyo. Alikuwa amepanga fremu ya mbele ya nyumba yetu, na alikuwa na mita yake peke yake. Siwezi kusema bei ya kunyoa ilipanda kwa sababu ya shilingi elfu moja kwa mwezi. Haikupanda kabisa mwaka ule. Ila aliacha kuwasha feni. Wateja wakaanza kunyolewa huku jasho linawatiririka shingoni, kwa bei ileile. Ukiuliza kama bei imebadilika utaambiwa hapana.

Nyumba moja, kodi mbili

Kinyozi ndiye aliyenifumbua macho juu ya jambo lililo kubwa kuliko yote. Yeye pia alikuwa anakatwa 1,000 kila mwezi. Fremu yake na vyumba vyetu ni jengo moja, paa moja, kiwanja kimoja, mwenye mmoja. Kodi ya nyumba ile ilikuwa 12,000 kwa mwaka. Kwa kuwa ilikuwa na mita mbili, ilikuwa inalipa 24,000.

Kasoro hii ilikuwa nchi nzima, na utaratibu wa kuirekebisha ulikuwepo: mmiliki anatoa taarifa kwamba mita hizi zote ni za jengo moja, inabaki moja ya kukatwa, nyingine inaondolewa kwenye makato. Mmiliki. Kinyozi alipokwenda kuuliza aliambiwa hivyo, amlete mwenye nyumba. Akampigia mzee. Mzee akasema sawa mwanangu, nitakwenda. Wiki zikapita. Akampigia tena. Shikamoo, marahaba, nitakwenda. Mzee hakuwa anakataa. Alikuwa na mambo yake, anaishi mbali, nauli ya kwenda na kurudi ni hela, na safari yenyewe ingemwokolea kinyozi 1,000 kwa mwezi na yeye mwenyewe sifuri.

Nilifikiri sana juu ya zile simu za kinyozi. Mwenye uwezo wa kurekebisha kosa hakuwa anaumia, na anayeumia hakuwa na uwezo wa kulirekebisha. Kodi ikikaa mahali pake, kosa la aina hii halidumu. Mwenye nyumba akidaiwa mara mbili kwa jina lake, kesho yake asubuhi yuko kwenye foleni ya ofisi. Ikihamia kwa mtu asiye na sauti, kosa linaweza kukaa mwaka mzima na hakuna mlango unaogongwa. Mita ya fremu iliondolewa kwenye makato mwaka uliofuata, baada ya kinyozi kumlipia mzee nauli ya kwenda na kurudi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema haina maana nani akatwe, kwamba hata mwenye nyumba angelipa mwenyewe angetupandishia pango na mwisho tungelipa sisi. Huenda angejaribu. Lakini ili apandishe pango lazima aje, akae kwenye kile kiti, aseme ni kiasi gani na kwa nini, na sisi tuamue kama tutabaki au tutatafuta chumba kwingine. Hapo kuna maneno, kuna kubembelezana, kuna nyumba ya jirani yenye kibao cha chumba kinapangishwa. Kwenye LUKU hakuna maneno. Unaingiza namba 20 na mita inalia.

Na kama wenye mamlaka wangenisikiliza ningeomba mambo mawili tu, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya. Mstari ule kwenye ujumbe usomeke kwa Kiswahili: kodi ya jengo, mwezi fulani. Na mwisho wa mwaka itolewe karatasi moja ya jumla, yenye jina la mwenye jengo na kiasi kilicholipwa kwa niaba yake, ambayo mpangaji anaweza kuishika mkononi siku mzee anapokuja kuchukua kodi. Fundi wa chumba cha nne angekuwa na karatasi ile, au hata neno moja la Kiswahili kwenye simu yake, asingehama Novemba. Alihama kwa sababu ya ile Jumapili. Tulimwomba radhi baadaye tulipoelewa, akatuitikia vizuri, lakini mtu aliyewahi kutazamwa vile na majirani zake hakai tena kwa amani.

Mzee alikuja kulegea Julai 2022. Mtoto wake aliyesoma alimweleza, na safari ile alikubali kupunguza 2,000 kwenye pango la kila chumba, kwa mwaka. Tulifurahi sana. Tulinunua soda.

Julai 2023 kiwango kikapanda. Nyumba ya kawaida ikawa 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Zamu ya kwanza ilimwangukia dada aliyehamia chumba cha fundi. Mita ikamwandikia 23.9, na watu wakaanza kutazamana. Mama wa barafu akafika kabla neno halijasemwa, akalichomoa boksi ukutani, akaligeuza, akamwonyesha orodha yote ya miaka miwili.

Wiki mbili baadaye mzee alikuja kuchukua kodi. Chumba kilikuwa 50,000 kwa mwezi. Akasema sasa kitakuwa 55,000.

"Serikali imepandisha kodi ya majengo," akatueleza, kwa sauti ya mtu anayeomba aeleweke. "Imepanda sana."

Mama wa barafu akamwuliza imepanda kwa kiasi gani. Mzee hakujua, alikuwa amesikia redioni. Mama akamwambia ni shilingi 500 kwa mwezi, kwa nyumba nzima, na zinakatwa kwetu. Nikaongeza hesabu: kodi ya jengo imepanda kwa 6,000 kwa mwaka, na nyongeza yake kwenye vyumba sita ni 360,000.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Akatazama mita, akatazama boksi. Kisha akasema vitu vyote vimepanda, wanangu, na hilo hatukuweza kulipinga.

Tulilipa 55,000. Ile 2,000 ya mwaka uliopita haikutajwa tena.